Mkiachana kesho, nani atahama? Jibu kwa mwanafunzi anayependana na mhadhiri wake

Swali: "Shikamoo. Nina miaka 22, nipo mwaka wa tatu chuoni. Mwaka jana mhadhiri msaidizi mmoja alitufundisha somo la semista nzima. Ana miaka 31, hajaoa. Somo lilipoisha tukaendelea kuwasiliana, mwanzoni kuhusu masomo, baadaye tukajikuta tunapendana. Hakunilazimisha, na kusema kweli mimi ndiye niliyeanza kumtafuta. Sasa tuna miezi saba. Hanifundishi tena, ila juzi idara imebandika majina ya wasimamizi wa tasnifu na nimepangiwa yeye. Yeye anasema ni bahati, tunyamaze tu mpaka nimalize, kwa sababu kazini watamwelewa vibaya. Tatizo ni darasani. Kuna minong'ono, na mwenzangu mmoja aliniambia usoni kwamba A yangu ya mwaka jana ilikuwa na mkono wa mtu, wakati niliipata kabla hatujawa na chochote. Ninampenda, na sidhani kama tunavunja sheria, sisi ni watu wazima. Je, ninakosea? Tuseme au tusubiri? Hayo maneno nitayazima vipi? Halafu ameahidi kuniandikia barua ya mapendekezo ya kuombea masomo ya uzamili. Niipokee?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa na wanafunzi wa vyuo katika chumba chenye viti viwili na boksi la tishu, na barua kama yako huwa naitambua kabla sijafika mwisho. Sisemi hivyo ili kuyafanya mambo yako yaonekane madogo. Nasema ili ujue kwamba njia hii imepitiwa na wengi kabla yako, na mashimo yake yanajulikana yalipo.

Nikutue kwanza mzigo mmoja. Kumpenda mtu si kosa, na sitakupa hotuba ya maadili. Umesema hakukulazimisha, nakuamini. Umesema ile A uliipata kwa jasho lako, nalo naliamini. Ila wasiwasi wako wenyewe sikuuona kwenye maswali uliyouliza. Nimeuona kwenye maneno mawili uliyoyapita haraka haraka: kupangiwa yeye "ni bahati". Ungeamini kweli kwamba ni bahati, usingeniandikia.

Tuanze na hilo la kwamba nyinyi ni watu wazima, maana ndilo linalotajwa na karibu kila anayekaa kwenye kile kiti. Ni kweli, na halitoshi. Umri unajibu swali la nani anaweza kukubali. Haujibu swali la nani anaweza kukataa bila kuumia. Chukua mfano mdogo. Wiki ijayo mmegombana, jambo la kimapenzi tu, simu haikupokelewa au umemwona mahali na mtu. Kesho yake una sura ya pili ya tasnifu ya kumpelekea. Utaipeleka ukiwa na sura gani? Akikwambia "rudia yote", utajuaje kama kibaya ni kile ulichoandika au ni ule ugomvi wa jana? Na yeye mwenyewe, akijiuliza kwa dhati, atajua?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na watu wengi hupakosea. Wanadhani vyuo vinaogopa wahadhiri waovu. Wapo waovu, nitawafikia. Lakini kanuni za mgongano wa maslahi zimetungwa hasa kwa ajili ya watu wema. Hakimu hasikilizi kesi ya mke wake hata kama ndiye hakimu mwadilifu kuliko wote mahakamani. Hatuambiwi kwamba atapindisha haki. Tunaambiwa kwamba hakuna mtu, yeye akiwemo, atakayeweza kujua kama ameipindisha.

Fikiria msimamizi wa tasnifu ameshika nini mkononi. Anaidhinisha mada. Anasoma rasimu na kuamua kama inasonga au inarudi. Ndiye anayesema uko tayari kuwasilisha au ngoja semista nyingine. Sauti yake husikika kwenye jopo siku ya kutetea kazi yako, awe amekaa mezani au hakukaa. Tena kazi yenyewe si hesabu yenye jibu moja. Tofauti ya 64 na 71 katika tasnifu ni maoni ya mtu aliyesoma akiwa na hali fulani moyoni. Kwenye mtihani wa kuchagua majibu, mapenzi hayana pa kupenya. Kwenye tasnifu yanapenya kila ukurasa.

Na yanapenya pande zote mbili, jambo ambalo darasa lako halilioni. Wenzako wanadhani mpenzi huongeza maksi. Mimi nimeona mara kadhaa mhadhiri aliyebana maksi za mtu wake kupita kiasi ili ajithibitishie kwamba hapendelei. Mwanafunzi mmoja aliniambia alikuwa akisahihishwa kama vile ni shahidi wa upande wa pili mahakamani. Alistahili zaidi na hakuwa na pa kulalamikia, kwa kuwa kukata rufaa ya maksi kungefungua kila kitu.

Kipimo ninachowapa watu ni kifupi: mkiachana kesho, nani atahama? Nani atabadilisha mada, atakwepa korido fulani, atakosa semina, atatafuta msimamizi mpya katikati ya mwaka akiwa hana sababu ya kusema? Kama jibu ni mmoja tu kati yenu, na siku zote ni yule yule, basi hampo kwenye uwanja ulio sawa, hata mpendane vipi.

Historia ina mfano ambao huwa siuchoki. Mwaka 1924 Hannah Arendt, akiwa na miaka 18, alifika Chuo Kikuu cha Marburg nchini Ujerumani kusoma falsafa. Mwalimu wake alikuwa Martin Heidegger, miaka 35, mwenye mke na watoto. Wakapendana kwa siri. Hakuna anayemwita Arendt mjinga. Alikuja kuwa mmoja wa wanafikra wakubwa wa karne ya 20, na hisia za pande zote mbili zilikuwa za kweli, maana barua zao zipo. Lakini angalia miguu yao. Aliyefunga virago akaondoka Marburg ni mwanafunzi. Shahada yake ya udaktari akaimalizia Heidelberg chini ya msimamizi mwingine, Karl Jaspers. Mwalimu alibaki kazini, na mwaka 1928 akapata kiti cha uprofesa Freiburg. Karibu miaka mia imepita, na bado kesi zinazofika mezani kwangu zina ramani hiyo hiyo.

Umeandika kwamba wewe ndiye uliyeanza kumtafuta, na nahisi uliliandika kama ungamo. Liweke chini. Mwanafunzi kuvutiwa na mwalimu ni jambo la kale kama ualimu wenyewe. Unamwona akiwa katika saa yake nzuri kuliko zote: amejiandaa, anazungumza kitu anachokijua, watu mia wamenyamaza wanamsikiliza. Humwoni akitafuta soksi asubuhi. Sehemu ya unachokipenda ni yeye, sehemu ni jukwaa, na sehemu nyingine, nzuri sana, ni wewe mwenyewe unavyojiona una akili ukiwa karibu naye. Ni vigumu kuvitenganisha ukiwa umekaa upande wa madawati. Yeye aliyesimama mbele ndiye aliyeajiriwa kuvitenganisha. Kwa hiyo hata kama uliandika ujumbe wa kwanza, wa pili na wa kumi, wajibu wa kuweka mpaka ulikuwa wake. Silisemi hili ili umchukie. Linahitajika kwa uamuzi unaokuja.

Kuhusu "hanifundishi tena": ilikuwa na uzito mpaka siku majina yalipobandikwa. Hata kabla ya hapo haikuwa imara kama ilivyoonekana. Idara ni nyumba ndogo. Anayekusahihisha leo anakunywa chai na aliyekufundisha jana. Mmoja ni mwenyekiti wa jopo, mwingine ni katibu wa mitihani. Ndiyo maana kanuni nzuri haziishii kwa wahadhiri. Mlezi wa bweni anayegawa vyumba, fundi wa maabara anayetoa vifaa, karani anayeingiza maksi kwenye mfumo, kocha anayechagua timu, wote wana kitu mkononi ambacho mwanafunzi anakihitaji. Na mhadhiri wa kike akipendana na mwanafunzi wa kiume, hesabu haibadiliki. Kinachobadilika ni kwamba kijana huyo huchekwa na kupongezwa, kwa hiyo huchelewa zaidi kuomba msaada.

Sasa hili la kunyamaza mpaka umalize. Waswahili walishasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na darasa lako limeshasikia kukohoa. Ila tuseme mngeweza kuficha. Bado siri yenyewe ina kazi inayofanya, polepole. Inakutenga na marafiki, kwa sababu kila mazungumzo yana mlango usioufungua. Inakufanya ushindwe kuuliza ushauri hata kwenye mambo ya kawaida ya wapenzi. Mwisho mtu pekee unayeweza kuongea naye kuhusu uhusiano wenu anakuwa ni yeye, ambaye ndiye mwenye maslahi kwenye jibu. Nikiona mtu amefika hapo huwa nasogeza kiti mbele.

Tena siri humgeukia yeye kuliko anavyodhani. Anaogopa kazini "watamwelewa vibaya". Nataka kuwa mkweli: hofu hiyo ina msingi. Kuna vyuo ambako atapewa onyo, na kuna ambako anaweza kupoteza kazi. Lakini kwenye vikao vya nidhamu nilivyowahi kuitwa kutoa maoni, swali la kwanza halikuwa "mlipendana?" Lilikuwa "ulilijua hili tarehe ngapi, na ulimwambia nani?" Mhadhiri aliyepangiwa mpenzi wake na siku hiyo hiyo akaenda kwa mkuu wa idara kusema "huyu siwezi kumsimamia" ana la kujitetea. Aliyekaa na jina hilo miezi minane, akatia saini fomu za maendeleo, akapendekeza maksi, huyo kosa lake halihusu tena mapenzi. Linahusu mitihani, na vyuo havina mzaha na mitihani.

Na wanaoumia huwa hawaishii wawili. Nilishuhudia kazi za kundi zima zikirudishwa kusahihishwa upya baada ya uhusiano wa namna hii kugundulika. Watu ambao hawakujua lolote walisubiri matokeo kwa wiki kadhaa, wengine wakiwa na kazi zinazowangoja. Binti aliyehusika alikuwa mwanafunzi mzuri kweli kweli. Maksi zake ziliposahihishwa upya zilibaki karibu zile zile. Hakuna aliyelikumbuka hilo.

Umesema hudhani kama mnavunja sheria. Hapa tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: sheria ya nchi, kanuni za chuo, na mkataba wa ajira. Sehemu nyingi watu wazima wawili wakipendana sheria ya nchi haiwagusi. Kanuni za chuo na mkataba wa kazi ni habari nyingine, na kwa miaka kumi na mitano hivi iliyopita zimekuwa zikikazwa. Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani kilikataza mwaka 2010 uhusiano wa kimapenzi kati ya wahadhiri na wanafunzi wote wa shahada ya kwanza, wawe wanawafundisha au la. Kitivo cha sanaa na sayansi cha Chuo Kikuu cha Harvard, huko huko Marekani, kikafuata mwaka 2015. Chuo cha UCL mjini London kilikataza mwaka 2020 pale ambapo mfanyakazi anamsimamia mwanafunzi moja kwa moja, na kikataka uhusiano mwingine wowote utolewe taarifa. Oxford ilipiga marufuku mwaka 2023 kwa wafanyakazi wenye majukumu juu ya mwanafunzi husika. Na tangu tarehe 1 Agosti 2025 mdhibiti wa elimu ya juu wa England anavitaka vyuo vichukue hatua za wazi kuwakinga wanafunzi na matumizi mabaya ya madaraka katika uhusiano wa aina hii.

Utaona kuna mitindo miwili: kukataza kabisa, au kuruhusu kwa sharti la kutoa taarifa na kutenganishwa kikazi. Binafsi naegemea katazo pale penye usimamizi au usahihishaji, na taarifa kwa mengine. Katazo la jumla kwa kila mtu na kila mwanafunzi lina faida ya kueleweka haraka, lakini lina tabia ya kusukuma watu mafichoni, na mafichoni ndiko nisikotaka mtu wa miaka 22 awe. Wapo wenzangu wanaonipinga, nao wana hoja. Lakini kwa kesi yako ubishi huo haubadilishi kitu. Mwalimu kumsimamia tasnifu mpenzi wake akijua na kunyamaza hakuendani na mtindo wowote kati ya hiyo miwili.

Kitu kingine kabisa ni rushwa ya ngono, na nalitaja kwa sababu mpaka kati ya hayo mawili huvukwa kwa sentensi moja. Mtu mwenye mamlaka akidai ngono, au akiweka sharti la ngono, ili atoe haki au upendeleo unaotoka mikononi mwake, hapo hakuna uhusiano, kuna jinai. Tanzania, kwa mfano, iliiandika waziwazi katika kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Mtu wako hajafanya hivyo kwa maelezo yako. Lakini jua sentensi yenyewe inavyosikika, maana haiji ikiwa imevaa pembe. Huja kama utani: "ukinikasirisha nitakurudisha sura ya kwanza." Siku ukiisikia, hata kama mlikuwa mnacheka, irudie kichwani mwako ukiwa peke yako.

Basi ufanye nini? Njia ziko nne, na sitakudanganya kwamba zina uzito sawa.

Ya nne niimalize kwanza: kuendelea kama alivyosema, awe msimamizi, mnyamaze. Hiyo siikupi hata kama njia ya dharura. Inageuza mapenzi ambayo huenda ni safi kuwa udanganyifu wa kitaaluma, na shahada yako ndiyo inawekwa rehani.

Njia ya kuachana ni ngumu kwa moyo na nyepesi kwa karatasi, ila usidhani inafuta kila kitu. Msimamizi ambaye ni mpenzi wa zamani ana mgongano ule ule wa maslahi, pengine mkubwa zaidi. Hata mkiachana leo jioni, jina lake bado linapaswa kuondoka kwenye tasnifu yako.

Njia ya kusubiri inawezekana, na nawajua watu wawili watatu waliosubiri hivyo na sasa wana watoto. Ila kusubiri maana yake ni kusubiri. Hakuna kukutana kwa siri Jumamosi, hakuna ujumbe wa usiku wa manane, na "kumaliza" si siku ya mtihani wa mwisho bali ni baada ya matokeo kupitishwa na kutangazwa rasmi, na rufaa zote kufungwa. Ni kipindi kirefu. Wengi wanaosema tunasubiri huwa wamebadilisha tu mahali pa kukutania.

Iliyobaki ni kutoa taarifa na kutenganishwa. Ndiyo ninayoiona inakufaa kama mnataka kuendelea. Mara nyingi hufanyika hivi: mfanyakazi anamwandikia mkuu wa idara au ofisi ya rasilimali watu kwamba ana mgongano wa maslahi na mwanafunzi fulani. Haelezi mlivyokutana wala mnafanya nini. Anaondolewa kwenye usimamizi, usahihishaji, jopo na kikao chochote kinachogusa jina lako, na kazi zako zinapewa msahihishaji mwingine. Taarifa inakaa kwenye faili lenye ufunguo. Vyuo vyenye utaratibu mzuri huitisha pia kazi ulizosahihishiwa naye zamani na kuzipitia, ikiwemo ile A yako, na hilo usiliogope, nitalirudia.

Kabla ya hapo kuna hatua moja ambayo watu huiruka. Soma kanuni za chuo chako kwanza, za wanafunzi na za watumishi. Kama chuo chako ni cha katazo kamili, kutoa taarifa ni sawa na kukiri, na ni haki yenu kulijua hilo mapema. Nenda kwa mshauri nasaha au mlezi wa wanafunzi, uliza kama mfano: "mwanafunzi akiwa katika hali hii, utaratibu ukoje?" Huhitaji kutaja jina la mtu. Uliza pia, kabla hujasema zaidi, ni mambo gani yeye hawezi kuyaweka siri, kwa kuwa kuna washauri ambao kazi yao inawalazimu kutoa taarifa wakisikia mambo fulani. Anayejibu swali hilo bila kukasirika ni wa kuaminika.

Halafu zungumza na mwenzako. Usiende na hotuba. Mwambie tu, "Sitaki uwe msimamizi wangu. Nataka ukamwambie mkuu wa idara wiki hii." Kisha nyamaza umsikilize, kwa sababu jibu lake lina habari nyingi kuliko miezi saba iliyopita. Anaweza kuogopa, kuogopa ni halali. Anaweza kuomba siku mbili za kufikiri, mpe. Lakini akikuambia hujui mambo ya kazini, au kwamba ukimpenda kweli usingemweka kwenye hali hiyo, au akianza kukuhesabia alivyokusaidia, hapo amekueleza ni nani kati yenu aliyepangiwa kubeba gharama. Mtu anayekupenda akiwa na cheo juu yako, kazi yake ya kwanza ni kukivua hicho cheo kwako, hata kama kukivua kunamgharimu yeye.

Asipofanya, una haki ya kulifanya mwenyewe bila yeye. Kuomba kubadilishiwa msimamizi ni ombi la kawaida. "Kwa sababu binafsi" huwa inatosha, na ukibanwa sema kuna mgongano wa maslahi ambao uko tayari kuueleza kwa mlezi wa wanafunzi tu. Usibuni uongo kuhusu mada au ratiba. Uongo mdogo kwenye fomu hukaa miaka mingi kuliko mapenzi yenyewe. Na uwahi, mwanzoni mwa mwaka msimamizi hubadilishwa kwa saini mbili, ukishaandika sura tatu inakuwa ni kikao.

Ya wenzako sasa. Najua neno "shahada ya chupi" linavyochoma, hasa kwa mtu aliyekesha maktaba. Wanaume wanaopendelewa kwa undugu au ukabila hawapewi jina kali kama hilo, na hilo si haki. Lakini maneno hutayazima kwa maneno. Ukikanusha, utaulizwa mbona unajitetea. Kinachoyamaliza nguvu ni utaratibu unaoonekana: kwamba msimamizi wako ni mtu mwingine, na kwamba kazi yako imesomwa na macho mawili yasiyokujua. Ndiyo maana nikasema usiiogope ile A kupitiwa upya. Yule mwenzako aliyekuambia usoni, walau alikuambia usoni. Unaweza kumjibu mara moja, kwa utulivu, "Nimeipata kabla, na anayetaka ipitiwe na apeleke ombi," halafu usirudie tena kwa mtu mwingine. Wengine watachoka. Wachache hawatachoka, na hao hata ungekuwa mtawa wangepata la kusema.

Usibaki na barua hii tu kama moja kati ya haya yapo: amewahi kukutisha au kukukumbusha maksi mkiwa mmegombana, ana picha au video zako unazoogopa, uliwahi kukubali jambo kwa sababu ulihisi huna jinsi ya kukataa, amekupiga, una ujauzito na anakushinikiza, kuna mwanafunzi mwingine kabla yako aliyepita njia hiyo hiyo, au hulali, huli, na unawaza kwamba ni heri usingekuwepo. Hilo la mwisho ni la leo, si la wiki ijayo: nenda hospitali au kwa mtu unayemwamini, umwambie kwa maneno hayo hayo. Kwa mengine, tafuta dawati la jinsia au mshauri wa ana kwa ana, na kama kuna mtu wa serikali ya wanafunzi unayemwamini akusindikize. Usifute ujumbe wowote. Andika tarehe na kilichosemwa, siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijaanza kumtetea. Na kwa yeyote anayesoma hapa akiwa chini ya miaka 18, haya ya kutoa taarifa na kutenganishwa hayakuhusu. Kwako ni suala la ulinzi wa mtoto, na mtu mzima ndiye mwenye kesi.

Nimebakiza barua ya mapendekezo. Usiipokee, hata kama ni mzuri wa kuandika na hata kama mtaendelea kupendana. Fomu nyingi za vyuo zina swali dogo karibu na juu: unamfahamu mwombaji kwa nafasi gani, na kwa muda gani? Pale ataandika "nilimfundisha" na kuacha nusu ya ukweli, au ataandika ukweli wote na barua isikusaidie kitu. Mwombe mhadhiri mwingine aliyekufundisha, hata yule mkali aliyekupa B. Mpelekee nakala ya kazi yako bora na wasifu wako, mpe wiki tatu, na umkumbushe mara moja katikati.